Mwisho Alioutunga Baba

Mpunga unaokaribia kuiva una harufu kama ya maziwa yaliyochemka, na msimu ule harufu hiyo iliingia nyumbani kwetu Ifakara kila upepo ulipovuma kutoka mashambani. Nilikuwa na miaka kumi na moja. Baba aliandika riwaya za upelelezi, kisha watu wa filamu wa Dar es Salaam wakaanza kumwomba miswada, akawa anashinda barazani akigonga taipureta huku kuku wakipita miguuni pake. Katika hadithi zake mpelelezi hakushindwa hata mara moja, na mimi niliamini uwezo huo ulikuwa wa baba yangu mwenyewe.

Msimu huohuo Asteria, rafiki yangu tuliyekaa naye dawati moja, alikwenda shambani ng'ambo ya mto kuamia ndege wasile mpunga, asirudi. Watu walimtafuta kwa mitumbwi na kwa miguu hadi njia za Malinyi, wakaokota ndala moja tu. Polisi waliandika maelezo, wakaondoka. Siku ya tisa mama yake, jirani yetu, alikuja barazani, akakataa kiti, akakaa chini.

"Baba Neema, kwenye vitabu vyako hakuna anayepotea moja kwa moja. Nitafutie mwanangu."

"Mama Asteria, yale nayatunga. Mwisho naujua kabla sijaanza."

"Basi nitungie na huu."

Baba alijaribu kwanza kumtafuta kweli. Alipanda treni hadi Mlimba, akauliza kijiji kwa kijiji, akarudi amekonda. Hapo ndipo alipoketi kuandika mswada wa kisa hicho. Filamu ilipotoka mwaka uliofuata, mtaa mzima ulijazana kwenye banda la video karibu na soko. Msichana aliyepotea shambani anaonekana mwishoni akishuka kwenye treni, sare ya shule safi, na mama yake anamkimbilia. Watu walipiga makofi. Mimi nililia kwa furaha. Mama Asteria aliinuka, akatoka.

Kesho yake alikuwa stesheni, amevaa kanga mpya, amebeba chakula kwenye hotpoti. Treni ilikuja, ikaondoka. Alikwenda tena ilipokuja nyingine, na nyingine. Baba akaenda kumchukua, nami nikamfuata.

"Twende nyumbani, dada."

Mama Asteria alijibu bila hasira. "Umeandika mwenyewe kwamba atashuka hapa."

Baba alikaa naye kwenye benchi mpaka abiria wakaisha. Tuliporudi aliifunika taipureta kwa gunia, na hakuandika tena, ingawa watu wa filamu walimfuata kwa miaka.

Mama Asteria tumemzika mwaka huu. Mwanawe hakupatikana. Mtoni palipokuwa na kivuko sasa pana daraja, na kila mtu ana simu mfukoni. Mimi nimefikia umri aliokuwa nao siku ile alipokaa chini barazani kwetu. Binti yangu akichelewa kutoka shule hata nusu saa, nampigia kijana wa bodaboda anayemleta, naye anampa simu. "Mama, tuko njiani," ananiambia, sauti imejaa kuchoshwa na mimi. Namjibu sawa, nakata simu, kisha natoka kwenda kumngoja barabarani.