Kuupa Ulingo Mgongo

Wajukuu wangu wakishatazama mieleka kwenye televisheni hunigeukia kwa huruma na kunieleza kwamba ile ya enzi zangu ilikuwa maigizo matupu. Wanadhani wananifungua macho. Nani aliwaambia yalikuwa yamefungwa? Wale wanamieleka walishuka kwa treni hapo Malaba, miaka michache baada ya uhuru, mmoja ana kipara, mwingine kavaa mfuko kichwani wenye matundu ya macho, na kabla ya pambano tuliwaona wakigawana chapati kwenye hoteli ya karibu na stesheni. Alasiri, yule wa mfuko alipomng'ata mwenzake sikio, tulipiga kelele hadi sauti zikakauka. Tulijua. Hata kwenye harusi kila mtu anajua bibi harusi haendi kufa, na bado shangazi zake hulia. Siombi msamaha kwa kupenda kitu kizuri eti kwa sababu kilipangwa.

Tena kilichonifurahisha zaidi hakikuwa hata hao wanamieleka. Nilipenda kuwageukia watazamaji. Mwanamume mkali kwake nyumbani ungemkuta amemkumbatia jirani, mdomo wazi, machozi yanamlenga. Uso wa mtu anayetazama mchezo haujui kudanganya.

Lakini ngumi ndiyo iliyonishika moyo. Ulingo wetu pale Busia ulikuwa mbao zilizolazwa juu ya mapipa, ndani ya ghala la pamba. Mwenye ghala, Mwislamu mmoja mwenye duka na malori, alituachia Jumamosi alasiri kabla pamba haijaanza kuletwa, na kamba za ulingo zilikuwa zile zile za kufungia mizigo. Marehemu mume wangu ndiye aliyenipeleka mara ya kwanza, akaniketisha kando yake kwenye benchi la mbele. Alipofariki, watu walidhani nafasi yake itapata mwenyewe. Ikampata, mimi. Matanga yalipoisha nilikwenda nikakaa pale pale alipokuwa akikaa yeye. Mzee wa mlangoni alinieleza kwa upole kwamba hapo si mahali pa wajane. Nikamwambia anionyeshe mahali pa wajane penye kamba na kengele, nihamie huko. Alikuna kichwa akarudi mlangoni.

Kazi yangu ilikuwa ushonaji. Cherehani yangu ilikaa kwenye veranda ya duka la yule mwenye ghala, na mabondia walikuja kwangu kushonewa bukta. Ndivyo nilivyomjua kijana mmoja wa Malaba, mpakiaji mizigo kwenye reli, Mteso mrefu mwenye ngumi ya kushoto ya ajabu. Nilimpima kiuno huku nikimkaripia kwa tabia yake ya kuangusha mkono wa kulia kila akichoka. Alicheka tu. Kumbe hakuja kwa ajili ya bukta peke yake. Binti yangu alikuwa akikaa hapo kando yangu akitia vifungo. Kufumba na kufumbua, wazee wa kwao wakafika kwa shemeji yangu mkubwa, kaka wa marehemu, wakaleta neno, na neno likakubaliwa.

Hapo ndipo shida ilipoanza. Kwetu mama mkwe na mkwewe hawana mzaha. Hawapeani mkono, hawaketi chumba kimoja, na wakikutana njiani mmoja huchepuka akapita kwenye nyasi. Kumwona mkwe wako kifua wazi ni aibu isiyosemeka. Kwa jambo hili Waluhya na Wateso hatuna ugomvi. Sasa mimi ni mtu wa benchi la mbele, naye kazi yake ya Jumamosi ni kuvua shati mbele ya watu.

Nilidhani leso itatosha. Nilijifunika hadi kwenye nyusi nikakaa mahali pangu, naye akapanda ulingoni kupambana na Mganda kutoka Tororo. Alianza vizuri. Katika raundi ya pili wakazunguka mpaka upande wangu, leso ikateleza, macho yetu yakakutana. Kijana yule alikuwa amelelewa. Alifanya kile alichofundishwa na mama yake tangu utotoni: aliinamisha kichwa akageuza uso pembeni, kwa heshima. Ngumi ya Mganda ikamkuta hapo hapo kwenye taya. Alipozinduka, watu hawakuwa wakimtazama yeye, walikuwa wakinitazama mimi.

Mji mzima ukasema mama mkwe amemwangusha mkwewe bila glavu. Jumatatu shemeji akaja kwenye veranda. Hakunifokea, alisema taratibu, na hiyo ndiyo mbaya zaidi, kwamba nichague. Ama niache benchi, ama binti yangu aachwe, maana hakuna kijana atakayeoa mahali anapovuliwa heshima. Nilikasirika mpaka sindano ikanichoma kidole. Shamba la mume wangu yeye na nduguze walikuwa wameshaligawana. Baiskeli yake ndiyo shemeji aliyokuja nayo siku hiyo, ameiegemeza kwenye nguzo mbele yangu, na sasa alitaka na benchi. Kwa upande mwingine, binti yangu alimpenda yule kijana. Nilikuwa nimemsikia akiimba peke yake akitia vifungo. Sikuwa tayari kumnyang'anya furaha yake, wala sikuwa tayari kutoa yangu. Nilimwambia shemeji nimesikia. Sikumwambia nimekubali.

Pambano la marudiano likawekwa pale pale ghalani. Nilifika mapema, nikakaa kwenye benchi langu, nikaupa ulingo mgongo. Magoti yangu yakagusana na ya watu wa safu ya pili. Watu wakaanza kucheka, shemeji akaja mbio kuniuliza ni wazimu gani huu.

"Mila inasema nisimwone," nikamjibu. "Simwoni."

Akaenda kusimama mlangoni, mikono nyuma.

Aliyekaa mbele yangu, uso kwa uso, alikuwa rafiki yangu muuza samaki kutoka Port Victoria, mwanamke asiyeweza kuficha hata bei. Kengele ilipolia nikamtazama yeye. Alipokunja midomo nilijua kijana anakwepa. Alipojipiga paja nilijua kushoto kumefika. Mbao nazo zilinisaidia, maana zililia chini ya mguu mzito wa Mganda na kunong'ona tu chini ya mguu wa mkwe wangu. Pole pole watu wa safu ya pili wakaacha kunicheka. Nilikuwa nikishangilia pamoja nao, tena wakati mwingine kabla yao.

Halafu uso wa rafiki yangu ukaanguka. Akaziba mdomo kwa viganja viwili. Nyuma yangu mbao zikatoa kishindo kimoja kizito, upande wetu wa ghala ukawa kimya na upande wa Waganda ukalipuka. Refa akaanza kuhesabu. Sitaficha, shingo yangu ilitaka kugeuka. Nikatupa jicho mlangoni. Shemeji hakuwa akiutazama ulingo hata kidogo. Alikuwa akinitazama mimi, akingoja nigeuke.

Nikasimama hivyo hivyo, mgongo ulingoni, na kwa kuwa mkwe hasemeshwi ana kwa ana, nikasema na muuza samaki.

"Mwambie huyo mtu mimi nilimpa msichana, sikumpa kitanda. Aamke. Na hiyo mkono ya kulia airudishe juu."

Rafiki yangu ana sauti ambayo ikitoka Port Victoria inafika Osieko, ng'ambo ya maji, bila mtumbwi. Akamwambia. Ghala zima likaangua kicheko, Waganda pia, na katikati ya kicheko hicho nikasikia mbao zikilia: goti kwanza, halafu mguu. Uso wa rafiki yangu ukafunguka.

Hakushinda. Waamuzi walimpa Mganda, nami naamini walikuwa sawa. Lakini alimaliza kwa miguu yake, na watu wote waliniambia mkono wa kulia haukushuka tena. Shemeji alinitoza kuku kwa kumsemesha mkwe hadharani, hata kama nilipitia kwa mtu. Nilimpa jogoo mzee kuliko wote niliokuwa nao, nikamtakia meno mema.

Watu walipokuwa wakitoka, kijana alipita nyuma yangu akiwa amejifunga blanketi. Nilimsikia akisimama, nikatazama ukuta. Naye pia aliongea na muuza samaki.

"Mwambie mama asihame hapo," alisema. "Mgongo yake naweza kuangalia."

Nililia, na sikuona haya. Tangu matanga hakuna mtu aliyekuwa amenitaka nibaki mahali popote.

Wakaoana. Baiskeli sikurudishiwa, benchi sikulitoa. Hao wajukuu wanaonisikitikia ni watoto wake, na wakitaka kujua baba yao alikuwa bondia wa namna gani, huja kwangu nikawasimulia raundi kwa raundi. Alipigana miaka mingi baada ya siku ile. Sikukosa pambano lake hata moja, wala sikuliona hata moja.