Breki Niliyokanyaga Dukani Al Khoudh

Jamani, hili nawaambia mwenyewe kwa sababu najua ipo siku mtalisikia kwa watu wengine, na hao hawatanionea huruma: mimi, mwanamke mzima, mama wa kijana aliyeingia kidato cha kwanza, nimezima kompyuta zote za meza nzima dukani kwa watu kwa kukanyaga breki ya lori ambalo halipo. Mkimaliza kucheka nitaendelea.

Mnajua nafanya kazi za nyumbani Qurum, hapa Muscat, kwa Bi Zuwena, mama wa Kiomani ambaye wazee wake walitokea Unguja, na nadhani Kiswahili chake ndicho kilichonifanya nisirudi nyumbani ule mwezi wa kwanza. Mwanawe wa mwisho, Khalfan, alipokwenda kusoma ng'ambo aliacha kompyuta yake ya zamani, sanduku jeusi refu lenye vumbi, na Bi Zuwena akaniambia, "Lichukue ulitie chumbani kwako, mie nikiliona hapa sebuleni nnamuona yeye." Nikalichukua bila kujua hata linawashiwa wapi. Aliyenifundisha ni mwanangu Baraka, kwa simu, akiwa Korogwe kwa kaka yangu mwenye duka la steshenari lenye kompyuta, na nia yake haikuwa mama ajue kompyuta, nia yake ilikuwa gemu.

Ni gemu la malori. Kila mtu anaendesha lake kwenye kompyuta yake, mnakutana barabarani kwa intaneti, mmevaa hedifoni mnaongea. Barabara zenyewe ni za Ulaya, misitu na theluji, nchi ambazo mimi na Baraka hatujawahi kuziona hata kwa bahati mbaya, yeye anatangulia na mimi namfuata (katika maisha ya kweli sijawahi kushika usukani, na hapa Muscat ambapo kila mtu ana gari mimi ni wa kupakiwa tu kama mizigo ya sokoni). Kila Ijumaa, siku yangu ya kupumzika, tulikuwa na safari. Na msione ni utoto. Simu ya video mnatazamana, umekula, nimekula, mvua imenyesha, haijanyesha, kisha maneno yanaisha na mtoto anaanza kuangalia pembeni. Kwenye lori maneno hayaishi, kwa sababu wote mnatazama mbele. Ni kwenye lori Baraka aliniambia kwamba anaogopa kwenda bweni, kitu ambacho nikimtazama usoni asingekitamka.

Sasa wiki ile ya mwisho kabla hajaondoka kwenda shule, kadi ya picha ikafa. (Ni kile kipande ndani ya kompyuta kinachochora kila unachokiona, kikifa, skrini inabaki na mistari mistari kama kitenge kilichofuliwa vibaya.) Safari yetu ya mwisho ilikuwa Ijumaa jioni, Jumapili anaondoka, na shuleni kwao hakuna simu wala kompyuta mpaka likizo. Bahati nzuri Ijumaa hiyo Bi Zuwena alikuwa anakwenda kumtazama dada yake Al Khoudh, na karibu na hapo kuna duka la kompyuta zilizotumika, basi nikaifunga kompyuta kwenye khanga, nikaipakata kiti cha nyuma kama mtoto mwenye homa.

Mwenye duka anaitwa Nassor, kijana mpole, na nyumbani kwao nao wanasema Kiswahili, jambo lililonipa moyo kupita kiasi. Akaniwekea kadi mbili mezani.

"Zote za zamani, dada, zote nzima," akasema. "Hii ndogo ina feni moja, giga mbili, haili umeme mwingi wala haina kelele. Hii kubwa ina feni mbili, giga nne, lakini ni kongwe zaidi, inapata joto, na ikikolea inalia kama blenda. Mtu akiniuliza mie, kwa kompyuta ya umri huu nnampa ile ndogo."

"Kubwa ina faida gani basi?"

"Kubwa inaonesha vya mbali. Ndogo, kitu mpaka ukikaribie."

Nikaona hayo ni maneno ya biashara. Akataka kuzipima kwa programu yake ya dukani, ambayo inaonesha mpira unazunguka na namba zinapanda pembeni, na hapo, ndugu zangu, ndipo nilipofanya uamuzi mdogo ulioniponza. Nikamwambia, "Namba mimi sizijui. Pima na lori langu."

Angekuwa mtu mkali angekataa. Akachomeka kadi ndogo, akaiunga kompyuta yangu na skrini na intaneti ya dukani mwisho wa meza ndefu, na kwenye meza hiyo hiyo walikuwa wamekaa vijana wa chuo, wanane au tisa, wana mashindano yao ya gemu la mpira, na kwa kelele zao nilielewa wamefika fainali. Nikavaa hedifoni. Tatizo la hedifoni ni kwamba zikikuziba masikio unajiona uko peke yako duniani, unaongea kama mtu anayeita mbuzi ng'ambo ya mto, na wewe unadhani unanong'ona.

Sijaendesha hata kidogo, nikasikia sauti. "Mama, shikamoo. Umewahi."

"Marahaba baba. Mbona mapema?"

"Mjomba anasema basi letu limekuwa kesho alfajiri, siyo Jumapili. Anataka kufunga duka nikapange begi. Nikajua sikupati tena, halafu nikaona umeingia."

Nikasahau kadi, nikasahau Nassor, nikasahau kwamba niko dukani. "Twende," nikamwambia, "tangulia, nakuja." Na tukaondoka.

Nassor alikuwa amesema kweli. Kadi ile ndogo ilikwenda laini kama mafuta lakini dunia yake ilikuwa fupi, mbele ukungu tu, miti inachomoza ghafla ikiwa karibu kunigonga, na lori la Baraka nililiona kama tofali la kijivu lenye doa jekundu nyuma. "Umeona nilichoandika nyuma ya tela?" akaniuliza. Nikasogeza uso mpaka pua inagusa kioo. Sikuona kitu. "Subiri nikukaribie," nikasema, nikaongeza mwendo, nikaja kasi, na kumbe yeye amepunguza kwa ajili ya kona, na lile tofali likajaa skrini nzima.

Nami ninaendeshea vidole, vidole, kwenye kibodi! Breki ni kitufe. Lakini mtu aliyezoea kupakiwa, gari likikosea, mguu wake ndio unaotangulia. Nikanyoosha mguu wa kulia nikakanyaga kwa nguvu zote za mama wa Kitanga, na chini ya meza palikuwa na ekstensheni yenye swichi nyekundu, ndiyo inayolisha meza yote.

Kimya. Skrini zote zikawa nyeusi, ya kwangu na za wale vijana. Nikavua hedifoni nikakuta watu wote wananitazama. Yule aliyekuwa anaongoza fainali alikaa mikono kichwani, na yule aliyekuwa anafungwa aliinuka akanipa mkono. Halafu mmoja wao, naye anajua Kiswahili kidogo cha nyumbani, akaniuliza kwa adabu zote, kama anayemuuliza mama yake mdogo, "Khalti, ulikuwa unapiga kelele 'nakuja mwanangu, nakuja'. Nani anakuja?"

Kumbe walinisikia tangu mwanzo. Hata lile la begi, hata pale nilipomwambia Baraka asisahau chupi (ndiyo, nilisema, tena nilirudia).

Nilitamani ardhi ipasuke. Ningekuwa na akili ningeomba radhi, nikafunga khanga yangu, nikaondoka. Lakini saa ile nilimwona tu mwanangu, amesimama barabarani kwenye theluji ya watu, anadhani mama amemwacha. Nikashika simu nikampigia kaka yangu. "Mwambie anisubiri," nikasema, "usifunge duka, nakuomba, usifunge." Nikamgeukia Nassor na vijana wake, nikawaeleza kwa Kiswahili, na Kiarabu changu cha jikoni, na mikono, kwamba mtoto wangu anakwenda bweni kesho alfajiri, na ile ndiyo safari ya mwisho.

Kompyuta ilikuwa imeshazimika, Nassor akaitumia nafasi hiyo hiyo, akachomoa kadi ndogo akatia kubwa, akaunga waya wake wa umeme, akawasha. Ikaanza kulia kama blenda kweli. Vijana wakaiacha fainali yao ilivyozimika, wakavuta viti nyuma yangu, na mmoja akaisukuma ile ekstensheni mbali na miguu yangu.

Nikaingia tena. Na jamani, mimi sijui niwaelezeje. Ukungu ulikuwa haupo. Niliona barabara yote inavyoteremka bondeni na kupanda tena, niliona milima iliyokuwepo siku zote na mimi sikujua kama ipo, na mbali kabisa, pembeni mwa barabara, niliona taa mbili za njano zinawaka na kuzima, zinawaka na kuzima. Amewasha taa za hazadi. Ananisubiri.

Nikaenda taratibu safari hii. Kadiri ninavyosogea lile doa jekundu likawa herufi, na herufi zikawa maneno, yamepigwa rangi kwa upana wote wa tela kama wanavyoandika kwenye malori ya kwetu. Nikayasoma kwa sauti, hedifoni masikioni, duka zima linasikia: "MAMA YUPO NYUMA."

Nililia. Siyo machozi ya kufuta kwa kidole, nililia kilio cha msibani, huku naendesha. Nyuma yangu nikahisi mtu anawatafsiria wengine kwa Kiarabu. Baraka akawa ananiambia, "Mama usilie, kona hiyo, mama kona," na mimi nakata kona siioni lami, na ni wakati huo mtu akanigusa bega. Nikamjibu bila kugeuka, kwa sauti ile ile ya kuita mbuzi: "Niache kwanza, naendesha."

Alikuwa Bi Zuwena. Ametoka kwa dada yake, amenisubiri garini, amepiga simu sijapokea, akaingia mwenyewe na abaya yake na mkoba wake, akamkuta mfanyakazi wake amezungukwa na vijana wa kiume, analia, anaendesha lori, na anamwambia amwache. Miaka yote niliyokaa kwake sijawahi hata kumjibu kwa sauti ya juu. Nassor akamletea kiti. Akakaa.

Tukafika. Kule mwisho lazima uliegeshe tela kinyumenyume, kazi ambayo sijawahi kuiweza, na siku hiyo nililibamiza tela langu ubavuni mwa lori la Baraka mbele ya mashahidi wote hao. Akacheka. Sauti yake imeanza kuvunjika siku hizi, inaanza ya mtoto inaishia ya mtu mzima, na nikaikariri palepale kwa sababu nilijua nikiisikia tena itakuwa nyingine.

"Mama, mjomba amesimama na funguo."

"Nenda baba. Ule vizuri huko."

"Wewe ndio ule."

Lori lake likatoweka mbele ya macho yangu, ghafla, kama gemu linavyofanya mtu akitoka. Ikabaki nafasi tupu. Nikainuka na hedifoni kichwani, waya ukakaza, kibodi ikaanguka, na hivyo ndivyo nilivyogeuka kumsalimia bosi wangu.

Nilichukua kadi kubwa. Nassor akaniuliza kama nina hakika, maana itasumbua kwa joto, nikamwambia nina hakika. Kwa wale vijana niliomba radhi mmoja mmoja, na yule aliyekuwa anaongoza fainali akasema hakuna neno, ingawa uso wake ulisema lipo.

Garini Bi Zuwena hakunisemesha. Nikajua kazi imekwisha, nikaanza kupanga moyoni nitamwambia nini kaka. Tumeshapita Ghubra ndipo akasema, macho barabarani, "Hilo gemu, mtu akiwa ng'ambo huweza kuingia?"

"Anaweza mama. Popote penye intaneti."

"Khalfan nikimpigia hunambia nna mtihani, mama, nitakupigia. Basi. Nifundishe na mie."

Sasa nimeapa. Hedifoni sitazivaa tena mbele ya binadamu, na kwenye gari la mtu yeyote, la kweli au la kioo, nitakaa nimekunja miguu juu ya kiti kama ninakula futari. Na ukitaka kununua kitu cha kompyuta, kipime kwa namba kama watu wengine, usilete mambo ya moyoni mwako dukani.

Baraka yuko shule. Ijumaa naiwasha kompyuta vilevile, kadi inalia, naona mpaka milima ya mwisho, na barabara yote haina mtu. Ijumaa iliyopita Bi Zuwena alikuja akakaa ukingoni mwa kitanda changu, simu mkononi, amemwandikia Khalfan kumuuliza kama ataingia na hajajibiwa. Akatazama kioo muda mrefu ninavyoendesha.

"Tunakwenda wapi?" akauliza.

"Popote mama," nikamwambia. "Mpaka wafunge shule."