Mafuta Kwenye Gitaa la Mama Neema

Kukwangua na kupaka upya gitaa moja kuukuu kumenigharimu dola tisini na moja. Nilipohesabu mara ya pili zikawa tisini na nne, kwa sababu nilisahau glovu. Mwenye gitaa, Mama Neema, alinipa hamsini na sufuria ya sombe, yaani kisamvu. Mke wangu anasema sombe ile ilizidi thamani ya pengo lililobaki, kwa hiyo nimepata faida. Sibishani naye. Yeye ndiye aliyekula nyingi.

Nawaandikia ninyi mnaotazama video moja na kuanza kukwangua. Mimi kazi hii niliifanya mpaka nikastaafu, na siku yangu ya kwanza, Louisville huku Marekani, sikuruhusiwa hata kushika msasa. Nilikuwa nimetoka Kigoma nikijiita fundi. Karakana ilikuwa ya piano na samani za zamani. Msimamizi wa zamu, mtu mnene aliyeongea kama vile analipia kila neno, alinipa droo, chupa ya spiriti na kitambaa.

"Nifanye nini?"

"Uliza."

"Nimuulize nani?"

"Droo."

Nikajua nimeajiriwa na kichaa, ila mshahara wa kichaa nao unalipa kodi ya nyumba. Kumbe alikuwa na maana yake. Unaweka tone la spiriti mahali pasipoonekana. Mng'ao ukilainika na kunata, hiyo ni shelaki, utomvu wa wadudu ulioyeyushwa kwenye spiriti. Usipolainika, unajaribu thina. Hapo ndipo unajua ulichopakwa ubao na dawa itakayokitoa. Anayeanza na msasa anapigana na mtu asiyemjua.

Kutoka hapo nikahamia Columbus, kwenye duka la kutengeneza ala za muziki mtaa wa Clintonville. Meneja alikuwa mama mmoja mwembamba mwenye miwani miwili, mmoja wa kusomea na mwingine wa kukutazamia ukikosea. Siku niliyolipiga msasa mkali gitaa la mteja, aliushika mkono wangu.

"Rajabu, uso wa gitaa ni mwembamba kama biskuti. Ubao ukishautoa, utaurudisha na nini?"

Tangu hapo nikawa nalegeza nyuzi kidogo kidogo, zote pamoja, ili shingo isishtuke. Dawa ya kutoa rangi naipaka nene, naifunika kwa nailoni, naiacha ifanye kazi. Kisha nakwangua kwa kipande cha plastiki kufuata mkondo wa ubao. Msasa unakuja mwisho, tena ule laini.

Wateja wetu wengi walikuwa wanafunzi waliopanga karibu na chuo.

"Mzee, nipunguzie. Mimi mwanafunzi."

"Unasoma nini?"

"Uchumi."

"Basi unaelewa kwa nini sipunguzi."

Nilimpunguzia. Meneja asijue.

Nilipostaafu nilihamia Buffalo, karibu na binti yangu, upande wa Lower West Side. Huko ndiko Mama Neema alikonikuta. Ni mjane kutoka milima ya Kivu Kusini, anahudumia wazee kwenye nyumba ya matunzo, na marehemu mume wake alipiga gitaa kwenye kwaya yao miaka mingi. Kwaya sasa ina magitaa mapya. Kiongozi wao akamwambia: lile la marehemu likirudi linapendeza, litapigwa mbele ya watu. Likibaki vile, likae nyumbani.

"Mzee Rajabu," akaniambia mlangoni, amelibeba kama mtoto mwenye homa, "gita ya bwana yangu mutaiponesha ao mutaizika?"

Lilikuwa limepakwa rangi ya bluu ya milango, kwa sababu sare ya kwaya zamani ilikuwa bluu. Pembeni mwa tundu la sauti rangi ilikuwa imebanduka. Nikadhani ni unyevu. Nikafanya kazi kwenye baraza la nyuma, maana chini ya nyumba kuna boila ya gesi, tanuri la kupashia maji, na mvuke wa dawa ile hautanii na moto. Bluu ikatoka, ubao ukaonekana, mwekundu kama chai ya rangi. Nikapaka vanishi.

Vanishi ikakataa. Ilijikunja, ikakimbia, ikaacha vidoti kama mtu aliyeota harara. Nikaitoa, nikapaka tena. Ikakimbia tena. Nikamwita.

"Mama Neema, niambie kweli. Hili gitaa mlikuwa mnakaangia maandazi?"

"Yoo! Mzee, muko na muzaha!" Akacheka, kisha akaacha. "Ile ni mafuta ya maombi. Kila mwaka pasta anapaka bintu byote ya kwaya, gita, ngoma, mikro. Na bwana yangu alikuwa anaongeza. Kila Siku ya Mungu, mbele ya kuimba, anatia kidole kwa mafuta, anapakaa pale kwa tundu."

"Kila Jumapili?"

"Na siku ya mazoezi."

Mafuta ya zeituni hayakauki yakiingia kwenye ubao. Nikamweleza dawa yake: kuosha kwa thina, kupangusa, kurudia mpaka kitambaa kitoke kisafi.

"Bon. Donc munataka kutosha mafuta ya bwana yangu, muitupe kwa takataka?" Kwao kutosha ni kutoa, na donc ni kwa hiyo.

Mimi Muislamu, mafuta ya pasta hayanihusu. Lakini nina mswala wa marehemu baba, pale panapokaa paji la uso pamekwisha manyoya, na hakuna anayethubutu kuupeleka kwa dobi. Nikaifunga chupa ya thina.

Badala yake nikapaka shelaki, kwa sababu hiyo hufungia mafuta ndani na vanishi ikashika juu yake. Imeshika mgongo, imeshika mbavu, imeshika uso karibu wote. Imebaki pembeni mwa tundu, upana wa vidole viwili. Hapo hata shelaki inabaki laini. Kiongozi wa kwaya alikuja jana, akapagusa, akafuta kidole kwa leso.

"Mama, sare ni nyeupe. Hii itashika mashati."

Mama Neema akanitazama mimi.

Kazini siku zote kulikuwa na msimamizi au meneja wa kusema fanya hivi. Kustaafu ni kugeuka huku na huku ukimtafuta huyo mtu, ukakuta watu wanakutazama wewe. Kwaya inaimba Jumapili. Kuosha najua, kukwangua najua, lakini vyote viwili vitayatoa mafuta ambayo Mama Neema amenikataza kuyatoa, na ana haki. Kwa hiyo nawaomba, fundi yeyote anayesoma hapa: ipo njia ya kukausha sehemu ile, mafuta ya yule bwana yakabaki humo humo? Niambieni kabla ya Jumamosi.