Anayeleta Kinywaji Ndiye Aonje Kwanza

Iko siku moja, mwanangu, ambayo haijanitoka kichwani, ingawa nimesahau nyingi zilizokuwa kubwa kuliko hiyo. Ulikuwa mwezi wa Ramadhani. Mi nilikuwa kijana wa Gitega, nauza vitenge, na siku hiyo nilikuwa nakwenda Muyinga kuonwa. Kuonwa, ndiyo. Baba yake Zaituni, mzee Saidi, fundi cherehani, alituma neno kwamba nije nifuturu kwake, wanitazame kwanza, habari za mahari zitafuata zikipenda.

Sasa kwetu mtu haendi ukweni mikono mitupu. Mama yangu alifikiria mutobe wa ndizi, ule mtamu wa Bugendana, akauacha. Alisema mutobe ukipigwa jua njia nzima utatoka Gitega ni maji ya ndizi, utafika Muyinga ni pombe, na mimi nitawaambia nini Waislamu wenzetu, tena Ramadhani? Bon, akatengeneza maji ya tangawizi na limau. Akanipa na birika la bibi yangu nibebee, birika la bati, refu, limebonyea ubavuni kama limepigwa teke na ng'ombe.

Nililiona birika lile, nikaona aibu.

Hapo ndipo kosa langu lilipoanza, mwanangu, kwenye aibu. Nilikuwa na kibido changu, dumu dogo la plastiki la lita tano, jeupe, mfuniko mwekundu unaokaza barabara. Nilikipata sokoni Makebuko. Yule aliyeniuzia hakunidanganya, tusimsingizie. Aliniambia wazi kwamba kilikuwa na dawa ya kupulizia kahawa, ila amekiosha mara tatu kwa majivu. Nami nikakiosha tena, mchanga, maji ya moto, sabuni ya kufulia. Kiling'aa. Uzuri wa mkakasi, wazee walisema, ndani kipande cha mti, na mi methali hiyo niliijua tangu utoto. Kujua methali ni kitu kimoja.

Mama aliponiuliza birika liko wapi, nilimwambia liko ndani ya mzigo. Halikuwemo. Lilibaki chini ya kitanda changu, na maji ya tangawizi nilikuwa nimeyamimina kwenye kibido.

Basi nikapanda kamioneti, gari dogo la mizigo, kibido katikati ya miguu, jua kali. Njiani nilimweleza mama mmoja muuza maharage habari zote za Zaituni, naye akanieleza habari za magoti yake, lakini hayo tuyaache. Ninachotaka ujue ni kwamba mahali fulani njiani harufu ilianza kutoka. Kidogo tu. Ulikuwa ukali unaokwaruza puani, na tangawizi hainuki hivyo. Nikajiambia limau litaimaliza. Na kwa sababu nilikuwa na saumu, sikuonja. Nilifurahi, kusema kweli, kwamba nilikuwa na sababu ya kutoonja.

Tulifika, adhana ikalia, tende zikazunguka, tukaswali. Mzee Saidi akaagiza vikombe. Walikuwepo yeye, dada yake, yaani shangazi wa Zaituni, na watoto wa nyumba wanne au watano waliokwisha panga foleni, maana walisikia neno tangawizi. Zaituni alikuwa mlangoni, ananitazama kama hanitazami.

Labda wewe hujaikuta desturi hii, siku hizi watu wanakunywa tu. Kwetu Burundi, aliyeleta kinywaji ndiye anayeonja kwanza, mbele ya macho ya watu. Ni kuwaambia, mimi sikuleta sumu. Mzee akanijazia kikombe cha kwanza, akanikabidhi kwa mikono miwili.

Nikakiinua. Harufu ikanijia yote.

Nilikaa nacho hapo mbele ya mdomo. Nikikataa, wataniona mchawi, na Zaituni nimemkosa. Nikinywa, pengine mi sitakufa, lakini kikombe cha pili ni cha wale watoto.

Shangazi akasema, "Heh. Kijana wa Gitega anaogopa maji yake mwenyewe."

Watoto wakacheka. Mzee hakucheka. Aliniambia polepole, "Onja, mkwe. Ama tuambie kitu."

Mficha uchi hazai, mwanangu, na siku ile methali hiyo ilikuwa karibu kabisa kunitimia. Nikashusha kikombe. Nikawaambia kibido kilikuwa cha dawa ya kahawa, nimekiosha sana, lakini kinanuka.

Mzee Saidi alisimama, akakusanya vikombe vyote hata vitupu, akabeba kibido hadi nyuma ya choo, akamwaga kila kitu ndani ya shimo. Kisha akaleta mkasi wake mkubwa, ule wa kukatia nguo ambao hakuna aliyeruhusiwa kuugusa, akakitoboa kile kibido chini na ubavuni, matundu matano, sita. Nikasema kinaweza kufaa kubebea maji ya kunawia. Akasema ndiyo maana anakitoboa. Akanawa mikono kwa sabuni, akarudi, akaketi.

"Ungeweza kujua tangu Gitega," akaniambia. "Utasema ulikuwa na saumu. Mdomo una saumu, kijana. Pua haina saumu."

Tukanywa maji ya kuchemsha ya nyumba ile. Wakati wa kuondoka akaniuliza kama mama yangu hakuwa na chombo. Nikamweleza habari za birika, na kubonyea kwake. Akasema nirudi baada ya Idi, nije na hilo birika. Na akaongeza, akimwangalia dada yake, kwamba kijana amesema kabla watoto hawajanywa, na hilo tuliweke kwenye mizani.

Nilirudi nalo, limejaa tangawizi. Nilionja kwanza, nikamaliza kikombe kizima bila kuombwa. Zaituni ndiye huyo unayemwita bibi, na mpaka leo nikimpelekea chai ananiambia, "Anza wewe."

Sasa umeniuliza kuhusu chupa ya kubebea maji kila siku, umenionyesha zile za rangi rangi. Mi sikusoma sana, nitakwambia ninayoyajua. Uliza kwanza chupa ilizaliwa kubeba nini. Kilichobeba dawa, mafuta ya taa au asidi ya betri hakiwi cha kunywea, hata ukioshe mpaka Idi ijayo, na ukiwa nacho usimuuzie mwenzio, kitoboe. Zile chupa nyembamba za maji ya dukani zilitengenezwa kwa safari moja, usizijaze chai ya moto wala kuzianika juani miezi sita. Mi ningechukua ya chuma kisichoshika kutu, ndani tupu bila rangi, mdomo mpana mkono uingie na sabuni. Ukipenda ya plastiki, iwe nzito, na mwenye duka akuonyeshe alama ya kikombe na uma chini yake, hiyo ni ya chakula. Mfuniko nao ufungue wote uoshe, uchafu hujificha kwenye ule mpira. Usiku iache wazi, kichwa chini.

Na kabla ya kulipa, ifungue uinuse. Ikinuka dukani, itanuka na nyumbani. Usione haya mbele ya muuzaji. Haya ndiyo iliyonibebesha kibido.

Nenda, mwanangu. Mungu akujalie maji matamu popote utakapofika, na kila utakachomimina kwa ajili ya watoto wa watu, akujalie uweze kukionja kwanza bila mkono wako kusita.