Pua ya Bibi

Hasira zilinipanda. Mfuko wa sare ya skuli ya binti yangu umejaa maua yaliyopondeka, na doa lake halitoki. Nikayanusa: vilua!

Nilipokuwa mdogo kama yeye, siku moja bibi alishikwa na mafua, na kesho yake shangazi anaolewa. Kikuba, kile kishada cha maua anachovaa biharusi kifuani, hakinogi bila vilua, na vilua hujificha chini ya majani, kijani kwa kijani. Hutafutwa kwa pua. Basi bibi akanitia msituni nimnusie, tope baridi mpaka vifundoni.

Cha kwanza nilichokipata nikakichomeka kifuani kimyakimya, kama wakubwa.

"Wapi tena, mjukuu wangu?"

"Huku, bibi. Hapana, huku!" Kila nnapogeuka harufu inanifuata.

"Mkilua huuhuu tunauzunguka mara ya tatu!" Akainama, akakiona. "Kumbe biharusi ni wewe!"

Alicheka mpaka pua ikazibuka. Akavuta pumzi, akafunua majani juu ya vichwa vyetu: vilua tele.

Sasa binti yangu kasimama mlangoni, anangojea kofi. Nikachomeka kimoja kifuani mwangu, nikamuuliza:

"Vyengine viko wapi?"