Bomba la Nyuma ya Gesti

Kwa miaka sita Jovina Ngonyani alifua mashuka ya gesti moja ya Majengo, na miaka hiyo yote hakunywa maji kwa kikombe cha pale. Mwenye gesti, Mama Dorine, alimwambia siku ya kwanza kabisa, "Njoo na kikombe chako. Ninyi watu wa bondeni hamkomi kuumwa matumbo, na mimi nina wageni." Hakusema kwa ukali. Alisema kama anayemwonyesha mfanyakazi mahali sabuni ilipo.

Bondeni ndiko Jovina alikopanga chumba na binti yake Anjelika, tangu alipofiwa na mume akaacha shamba la tumbaku kule Hanga. Ni dakika tano tu kushuka kutoka gesti. Na kweli watu wa huko waliumwa. Mvua kubwa ikinyesha, mtaro wa mlangoni ulijaa maji meusi yenye uvundo, watu wakafunga madirisha na kuilaumu mvua. Mwezi Machi Anjelika alilazwa siku tisa kwa homa ya matumbo.

Jovina aliporudi kazini, mchana mmoja mvua ilianza ghafla. Akakimbilia nyuma ya stoo kuanua mashuka. Huko alimkuta mlinzi, Otto, ameinama kwenye chemba ya choo, anazibua bomba nene lililopita chini ya ukuta. Kinyesi cha vyumba kumi na vinane kikaporomoka kuelekea bondeni.

"Otto, unafanya nini?"

"Natapisha choo, dada. Mama hataki kuita gari la majitaka. Mvua ikinyesha ndiyo tunafungua."

"Tangu lini?"

"Mimi nilikuta hivyo hivyo."

Jovina alitapika palepale ukutani. Harufu ile aliizoea, alilala nayo. Kilichomtapisha ni kumkumbuka Mama Dorine anavyojifuta vidole kila akimpa mshahara, na Anjelika aliyekonda hospitalini kwa uchafu wa watu wanaomwona yeye ndiye mchafu.

Jioni hiyo alimweleza jirani yake Majidi, fundi uashi. Majidi alisikiliza mpaka mwisho.

"Tulizibe hilo bomba," alisema.

Kesho yake wakaliziba upande wa chini wa ukuta kwa mawe na saruji, mchana kweupe, majirani wakitazama. Siku ya tatu mvua ikaja. Otto alifungua kama kawaida, lakini uchafu haukuwa na pa kwenda. Ulifurika uani, ukapita chini ya mlango wa chumba cha kulia, ambamo wageni wa semina walikuwa wakila wali.

Mama Dorine alimwita Jovina, kitambaa puani. "Ni wewe?"

"Ni mimi, mama. Uchafu ulikuwa wenu. Nimewarudishia."

Alifukuzwa saa ileile. Gari la majitaka likaja mara mbili, mtaro ukakauka, na Jovina akapata nguo za kufua mtaa wa Lizaboni. Desemba, mvua zilipoanza tena, alipita nyuma ya gesti akaona bomba jipya. Lilitokea ukuta wa pili na kuelekea nyumba ya Mwanaisha, mjane mwenye wajukuu wanne.

Akaenda kubisha hodi ili amwonye. Mwanaisha alimfungulia akiwa amembeba mjukuu mdogo, ambaye alikuwa akiharisha tangu juzi.