Mzee Koki na Bomba Lililopasuka

Mtu waliyemwita Mzee Koki hakuwa mzee kihivyo. Alikuwa na miaka hamsini na minane, na mvi zilimvamia kichwani katika miaka miwili tu ya vita. Jina alipewa na wanawake wa foleni ya maji, kwa kuwa ndiye aliyebaki peke yake mji mzima akijua koki ipi ukiifungua maji yanakwenda wapi. Wenzake sita walikimbia mmoja mmoja. Ofisi ya maji ikabaki na meza, kalenda ya mwaka juzi na paka. Yeye hakuacha kwenda kila siku kwenye nyumba ya pampu, iliyokuwa katikati kabisa, upande wa juu wa mji ukiwa mikononi mwa kamanda huyu na upande wa chini mikononi mwa kamanda yule. Wote wawili walimwacha apite. Si kwa mapenzi. Kiu haina chama.

Alivaa koti la rangi ya chungwa lililochuja kwa kufuliwa, ili mwenye bunduki amtambue kwa mbali.

“Mkiniua mimi,” aliwaambia vijana wa vizuizini, “mtakunywa jasho lenu wenyewe.”

Walicheka, na mitutu wakaishusha.

Ndipo ukaja ule ugonjwa wa kifua. Redio ikahimiza watu wanawe mikono kwa sabuni na maji yanayotiririka. Upande wa chini walinawa. Upande wa juu walisikiliza redio wakatazamana, maana bomba lao kubwa lilipasuliwa na kombora miezi minne nyuma, pale barabarani kati ya vizuizi viwili, mahali ambapo hata mbuzi walishajifunza kutopita.

Siku moja asubuhi muuguzi mkuu wa upande wa juu alifika nyumba ya pampu kwa miguu, barakoa usoni, vumbi hadi magotini. Wadi yake ya wagonjwa waliotengwa ilikuwa ndani ya madarasa ya shule.

“Baba, nina wagonjwa ishirini na watatu na madumu sita ya maji ya chumvi kwa siku,” alisema, akiwa amesimama mbali kidogo kama ugonjwa ulivyotaka. “Sakafu siwezi kuosha. Wauguzi wangu wawili wameshalala kitandani. Hali hii ikiendelea, ile si wadi tena, ni chumba cha kusubiria kaburi.”

“Bomba limepasuka mahali pabaya, Sista.”

“Lilipopasuka napajua. Nakuuliza kama linazibika.”

Mzee Koki alitazama mikono yake. Uongo ungekuwa rahisi. “Linazibika,” akasema.

Nyumbani, upande wa chini, mkewe alimsikiliza hadi mwisho, kisha akaweka mwiko chini.

“Wale ndio waliotupiga mabomu. Leo uwapelekee maji?”

“Walio ndani ya wadi hawajapiga mtu bomu, mama watoto. Hata kupumua hawawezi.”

“Na utakwenda na nani?”

Kakake mkewe, fundi viatu aliyehamia chumba cha uani tangu kibanda chake kiungue, aliinua kichwa kutoka kwenye soli aliyokuwa akiishona.

“Atakwenda na nani zaidi yangu? Pale panatakiwa mpira ukatwe ukae sawasawa. Na huyu shemeji yangu, tangu aoe kwetu, sijaona alichokikata kikanyooka.”

Mkewe hakucheka, ila hakukataa tena.

Makamanda walichukua siku tisa kukubaliana, kila mmoja akitaka mwenzake atangulie kusema ndiyo. Yule wa chini aliuliza yeye atafaidika nini. Mzee Koki alimjibu polepole, kama mtu anayemweleza jirani, “Mkuu, ugonjwa hauombi ruhusa kizuizini. Ukiota mizizi juu, kesho utashuka.” Wakapewa saa kumi na mbili asubuhi hadi saa sita mchana. Baada ya hapo kila mtu na bahati yake.

Siku hiyo walichimba tangu kulipokucha. Ardhi ilikuwa kavu, sururu ikalia kama inagonga chungu. Saa nne walilifikia bomba. Ufa ulikuwa mrefu kama mkono wa mtu mzima. Fundi viatu akapiga magoti, akaupima kwa uzi kama anavyopima mguu wa mteja, akakata kipande cha tairi na kukichonga kingo kwa kisu chake. Kilikaa kama kimezaliwa pale. Shida ikawa nati za kibano cha chuma cha kukishikiza pale. Zilishika kutu, zikagoma.

Saa sita ilifika. Risasi moja ikalia hewani.

“Shemeji, nenda,” Mzee Koki alisema. “Zimebaki nati mbili, nitamaliza.”

“Nikirudi bila wewe, dada yangu atanishona mdomo kwa uzi wangu mwenyewe.”

Risasi ya pili ilichimba udongo ukingoni mwa shimo. Walilala chini wote wawili, mashavu vumbini, mmoja akishika kibano na mwingine akizungusha spana kwa kupapasa. Hakuna aliyejua ni upande gani uliofyatua, na baadaye kila upande ulimsingizia mwenzake. Nati ya mwisho ilipokaza, walitoka kwa kutambaa. Jioni Mzee Koki alipofungua koki kubwa alisubiri, sikio kwenye chuma, hadi aliposikia kutoka juu kule watu wakipiga mabeseni na kushangilia. Akakaa chini.

Wiki tatu baadaye fundi viatu alianza kukohoa. Aliupata kwa nani, hakuna ajuaye. Mtu anayeshona viatu hupokea vumbi la kila nyumba. Kituo cha afya cha upande wa chini kilishafungwa, madaktari wamekwenda, kwa hiyo wadi pekee ilikuwa ile ya shule. Walimbeba kwa machela hadi kizuizini. Pale watu wa upande wa juu wakampokea, na ndugu wakakatazwa kuvuka.

“Usilie,” alimwambia dada yake, pumzi ikimkatika. “Nakwenda kuonja yale maji, nione kama hayavuji.”

Alikaa siku kumi na moja. Ya kumi na mbili muuguzi mkuu alikuja mwenyewe hadi nyumba ya pampu, na Mzee Koki alijua kabla Sista hajafungua mdomo. Alipofika nyumbani, mkewe aliuliza jambo moja tu.

“Walimwosha?”

“Walimwosha. Maji yalikuwepo.”

Hapo ndipo mkewe alipolia.

Mzee Koki naye alikohoa siku nne mwezi ule. Ikaja kuonekana ni mafua tu, lakini zile siku nne, akiwa amelala uso ukutani, alifikiria kitu alichokuwa akikikwepa. Ramani ya mabomba yote ilikuwa kichwani mwake tu. Kwa makusudi hakuwahi kuiandika, maana mtu anayehitajika haguswi. Sasa aliona kwamba akifa, mji mzima utakauka naye. Akamwambia mkewe atawafundisha wengine.

“Wakishajua wenyewe, watakuhitaji ya nini?” mkewe alimwuliza. “Watakuua.”

“Wanaweza.”

Hata hivyo aliwaita watu wawili nyumba ya pampu: mwalimu wa hesabu kutoka juu, na mama mmoja mkali aliyekuwa akisimamia foleni upande wa chini. Siku ya kwanza hawakusalimiana. Mwalimu alipoteza kaka vitani, yule mama alipoteza nyumba. Walijifunza wakiwa wamepeana mgongo, kila mmoja akimwuliza Mzee Koki peke yake. Wiki ya pili pampu iligoma kuwaka, na yule mama, kwa hasira, akamwambia mwalimu ashike taa vizuri. Akaishika.

Ugonjwa ulipungua kabla ya vita. Wagonjwa katika wadi walibaki wanne, halafu mmoja, halafu madarasa yakapigwa dawa. Vita vyenyewe viliendelea, na siku nyingine dizeli ilikosekana kabisa, watu wakarudi kwenye madumu.

Kuna asubuhi mgongo ulimkamata Mzee Koki, hakuweza kuamka. Alikuwa akihangaika kutafuta viatu kwa mkono, chini ya kitanda, aliposikia bomba la uani likikohoa, kisha likaanza kumwaga.

“Nani kafungua?” akauliza.

“Nitajuaje?” mkewe akajibu kutoka nje, ndoo tayari mkononi. “Mmojawapo wa wale wawili. Lala.”